Haya Aliyoisikia Biskuti

Katika miaka mitano Hamdiya alikubali kuja shambani siku moja tu, na siku yenyewe ndiyo ile ambayo Biskuti, mbwa niliyemfundisha, hakutakiwa kukosea hata hatua moja.

Niseme mapema: mimi ni mtu wa hasira. Hasira zangu hazikai, zinakuja na kuondoka kama chafya, lakini zikishakuja huwa nimeshasema. Mke wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwezi wa kwanza tulikwenda harusini Stafford, kwa dadake aitwaye Amna, na pale mlangoni pa ukumbi nikamfokea kwa sababu zawadi ya bibi harusi aliisahau nyumbani Euless, Texas. Tumeendesha gari kwa saa nne na nusu, zawadi iko juu ya friji! Nilifoka hadi mpiga picha akashusha kamera yake. Tangu siku hiyo Hamdiya hakutoka na mimi popote. Msikitini alikwenda na majirani, dukani alikwenda peke yake. Nikimwalika mahali ananijibu kwa upole, "Nenda tu, Baba Aiman, mimi niko sawa." Upole ule ulinitisha, kwa sababu Hamdiya ninayemjua mimi ana mdomo.

Aliyemshawishi kuja alikuwa Mzee Sheldon. Alimpigia simu mwenyewe, kwa ile sauti yake nyembamba iliyobaki baada ya kupasuliwa koo, akamwambia angependa sana akae naye siku hiyo.

Sheldon ni mgonjwa wangu, kama naweza kusema hivyo. Mimi ni dereva, nawapeleka watu wa figo kusafishwa damu na kuwarudisha makwao. Nyumba yake iko Haltom City, na nyuma ya nyumba ana banda la mbwa aina ya Brittany, weupe wenye mabaka ya rangi ya chungwa, kazi yao kunusa ndege kwenye majani. Miaka arobaini amezalisha mbwa hao. Nilianza kwa kumsaidia kubeba ndoo za maji, nikiwa nimevaa glavu, kwa sababu mimi ni mtoto wa Mombasa na hukumu ya mate ya mbwa naijua, ni najisi. Nguo zangu za kazi ya mbwa zina ndoo yake gereji, na kando ya ndoo kuna mfuko wa udongo wa kutoharishia. Mambo ya mbwa hayaingii ndani ya nyumba yetu, wala hadithi zao haziingii.

Siku ya kwanza nilipomwona Sheldon akifundisha mbwa nusura nikimbie. Neno lao la Kiingereza la kumsimamisha mbwa, "whoa", masikioni mwangu lilikuwa "Ua!" Mbwa kanusa kware, mzee anapaza sauti, "Ua! Ua!" na mbwa, badala ya kuua, anasimama kimya. Nilidhani ni mbwa mkaidi. Nilipoelewa, nilimwambia, "Mzee, mimi sitapiga kelele za ua, ua kwenye mashamba ya watu hapa Texas, na ndevu hizi." Alicheka hadi akakohoa. Basi Biskuti, aliyekuwa mtoto wakati ule, nikamlea kwa lugha yangu. Akitakiwa kusimama, "Tuli." Akiruhusiwa kuondoka, "Haya."

Kwenye mashindano ya mbwa hawa, mbwa akinusa ndege anasimama. Mwongozaji anakuja, anapiga teke majani, ndege anaruka, unafyatua bastola ya baruti tupu, na muda wote huo mbwa hasogezi hata ukucha mpaka umruhusu. Akikimbia kabla ya ruhusa, amekwisha. Biskuti alikuwa ameshinda mara mbili. Akishinda mara ya tatu, jina lake na la Sheldon yangeandikwa kwenye ubao wa heshima ulioko ukumbini mwa chama chao, ubao wa mbwa na watu waliofanya makubwa. Miaka arobaini, na hakuna mbwa wa Sheldon aliyewahi kufika pale. Na kulikuwa na siku hii tu. Chama hakipokei mbwa aliyetimiza miaka sita kwenye daraja lile, na Biskuti angetimiza mwezi ujao. Na Sheldon, daktari alikuwa amemwambia asipange mambo ya mwaka ujao.

"Sitaki kudanganya," aliniambia njiani asubuhi ile. "Nautaka ule ubao. Nimeutaka tangu nina nywele."

Shamba lenyewe liko kusini mwa Dallas, kando ya barabara kuu inayoelekea Houston, majani matupu na vichaka vya miiba. Waamuzi ni wawili na wamepanda farasi. Wazee na wageni wanafuata nyuma kwenye tela lenye mabenchi, linalovutwa na trekta. Nilimpandisha Sheldon, nikamfunika blanketi miguuni, Hamdiya akakaa kando yake na buibui lake na miwani ya jua. Alipendeza. Nilitaka kumwambia lakini watu walikuwa wengi.

"Mbwa akisimama, trekta linazimwa na hakuna mtu kusema kitu," nikamwambia. "Kabisa. Hata kukohoa. Na simu zima."

"Nime-silence, lakini sizimi," akasema. "Mama anafanyiwa jicho leo huko kwetu, wewe si unajua. Dada aliye naye atapiga Mama akitoka theatre."

"Sawa. Usiongee tu, tafadhali."

"Nimesikia, Baba Aiman. Umeshasema mara tatu."

Mbwa hukimbizwa wawili wawili, nusu saa. Mwenzake Biskuti alikuwa dume la bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu, na lile dume lilikuwa na kasi ya ajabu. Tulipoachiwa tu, lilipotea mbele kwenye majani. Biskuti naye akaenda kulia, akifuata ukingo wa vichaka kama nilivyomfundisha, kengele ya shingoni ikilia, nami nikimfuata kwa miguu.

Dakika ya kumi, dume likasimama. Limenusa ndege. Biskuti akatokea upande wa pili akija kasi, bado hajaliona. Hapa ndipo mbwa wengi wanapoanguka. Mbwa akimwona mwenzake amesimama, inambidi naye asimame pale pale alipo, asimwibie ndege wake. Wenyewe wanaita kuheshimu. Na huruhusiwi kumkumbusha. Nilifunga mdomo, nikajiuma ulimi. Biskuti alipanda kile kilima kidogo, akaliona dume, akasimama ghafla na mguu mmoja juu. Hakuutua. Mwenye ndevu nyekundu akarusha ndege wake, akafyatua, na Biskuti akabaki vile vile na mguu wake hewani.

Mwamuzi mkuu, mama mmoja anayeitwa Charlotte, mrefu, hana mzaha hata kidogo, akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Niligeuka nyuma. Kwa mbali niliona Sheldon ameinua kidole gumba, na Hamdiya, wallahi, Hamdiya akafanya vile vile.

Dakika ya kumi na saba Biskuti akapata ndege wake wa kwanza. Akasimama, nikarusha, nikafyatua, hakusogea. Dakika ya ishirini na moja dume la mwenye ndevu nyekundu likapata ndege wa pili, na safari hii uvumilivu ukalishinda, likamkimbiza. Mwenyewe akalifunga kamba, akaondoka bila kusema neno. Tukabaki peke yetu. Sasa kilichotakiwa ni ndege mmoja tu mwingine, asimame safi, na hakuna mbwa wa siku ile ambaye angemfikia. Hilo si mimi niliyelisema. Yule mwamuzi wa pili, mzee mpole, aliponipita na farasi wake alininong'oneza, "Usiharibu."

Dakika ya ishirini na sita kengele ikanyamaza.

Nilimkuta kwenye bonde dogo, kichwa chini, mwili umekakamaa, pua imeelekea kichaka kimoja cha miiba. Nikainua mkono. Nyuma yangu trekta likazimwa. Farasi wakasimama. Ukimya ulikuwa mzito. Upepo ulikuwa unatoka nyuma, kwenye tela, ukija kwetu.

"Tuli," nikamwambia kwa sauti ndogo, nikampita.

Nikapiga teke majani. Hakuna kitu. Nikapiga tena, nikazunguka kichaka. Kware wanajua kukaa kimya, wanakufanya uonekane mwongo. Teke la tatu wakaruka, si mmoja, sita, wakapita karibu kabisa na uso wa Biskuti kwa ule mlio wa mabawa unaoshtua hata mtu mzima. Nikafyatua bastola. Biskuti hakusogea. Aligeuza macho tu kuwafuata. Zimebaki sekunde chache, mwamuzi atikise kichwa, nimfunge kamba, tumalize. Nikamwona Charlotte akianza kuinua mkono.

Na nyuma, kwenye ule ukimya, nikasikia sauti ya mke wangu. Mamake ana tatizo la masikio, ukinong'ona hakusikii. "Haya, mama!" akasema. "Haya! Haya, nitakupigia!"

Biskuti akaondoka.

Hakusita hata kidogo. Kwa nini asite? Ameambiwa haya, na haya maana yake nenda. Aliruka kile kichaka akawafuata kware wale sita kwa furaha yote ya duniani, kengele ikilia, na mimi nimesimama na bastola tupu mkononi.

Ilinichukua dakika kadhaa kumkamata. Alikuwa anahema, ulimi nje, ananitazama akingoja nimsifu. Sikumpiga. Sijawahi kumpiga. Lakini nilipoanza kupanda kutoka bondeni, na kamba mkononi, damu ilikuwa imenipanda hadi machoni. Kutoka pale hadi kwenye tela ni kama hatua mia mbili, na kila hatua nilikuwa nachagua neno. Niliyapata mengi na yote yalikuwa makali. Nimekwambia mara tatu. Umejisemea mwenyewe kuwa nimekwambia mara tatu. Miaka mitano ya kazi, mzee wa watu anakufa, na wewe na simu yako. Nilikuwa nitayasema kwa Kiswahili na ninajua ningeyasema kwa sauti gani, na watu wote wa chama wangesimama pale na kofia zao wasielewe neno hata moja na waelewe kila kitu. Haya yangu mwenyewe nilikuwa nimeiacha huko bondeni. Hamdiya alikuwa ameshuka kwenye tela, amesimama kando na mkoba wake begani, anaangalia simu.

Charlotte alifika pale kabla yangu. Alikuwa amesimamisha farasi mbele ya benchi la Sheldon.

"Nimesikia sauti imetoka kwenye tela," alikuwa anasema nilipofika. "Na baada ya sauti mbwa akaondoka. Nataka kujua ni nani. Kama ni mgeni, hilo si kosa la mbwa, naweza kumpa dakika kumi nyingine na ndege mwingine. Kama ni mwenye mbwa, mbwa ametoka. Unaijua kanuni, Sheldon."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeshauelekeza mkono kwa Hamdiya.

"Ni mimi," Sheldon akasema.

Charlotte akamtazama. "Nimesikia kama sauti ya mwanamke."

"Ndiyo sauti niliyonayo tangu wanipasue koo. Nilisisimka nikamruhusu mbwa. Nilidhani umeshainua mkono."

"Sheldon. Nakuuliza mara ya pili, na sitauliza ya tatu."

"Mbwa ni wangu na neno nimelisema mimi."

"Mzee—" nikaanza.

"Munir," akasema bila kunitazama, "mpe mbwa maji."

Charlotte akamtazama Sheldon, akanitazama mimi na mkono wangu uliokuwa bado hewani, akamtazama Hamdiya. Halafu akatoa kijitabu, akapiga mstari mmoja, akageuza farasi. Basi. Miaka arobaini ikaishia pale, kwa mstari wa kalamu ya risasi.

Hamdiya alikwenda kuswali dhuha nyuma ya gari, nami nikamfuata Sheldon pale alipokuwa amekaa, bakuli la maji miguuni, Biskuti anakunywa. Mzee alikuwa analia, na hakujificha.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Angekupa dakika kumi! Biskuti angesimama. Unajua angesimama."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alijifuta pua kwa blanketi. "Mke wangu aliwahi kuja shambani na kofia nyekundu," akasema. "Upepo ukaipeperusha, ndege wakaruka, mbwa wangu akakimbia. Nilimfokea mbele ya watu wote, hivi hivi, nikija na kamba mkononi. Hakunijibu. Tuliishi pamoja miaka kumi na moja mingine na hakukanyaga shamba tena. Kila Jumamosi nilitoka peke yangu, nikarudi peke yangu. Nikishinda nikifika nyumbani namwambia, ananiambia hongera, anaendelea kukunja nguo." Akanitazama. "Nilikuona ukipanda kutoka kule bondeni. Sikuwa na muda wa kufikiri, Munir. Usidhani sikuutaka ule ubao."

Niliosha bakuli. Nilimpandisha Biskuti kwenye kreti yake, nikavua glavu, nikanawa, tukaondoka kurudi Haltom City. Tulimwingiza Sheldon ndani. Hamdiya alimtengenezea chai, akampangia dawa zake za jioni mezani kama anavyowafanyia wagonjwa wake kazini, akamwambia Mungu ampe afya. Sheldon akamshukuru kwa kuja.

Tulipobaki wawili garini, tukielekea Euless, ndipo Hamdiya akauliza.

"Mama salama, jicho limefanikiwa," akasema kwanza. Kisha, "Lakini Baba Aiman, Mzee alisema neno gani? Nilikuwa karibu naye. Mimi sikumsikia akisema chochote."

Ningeweza kumdanganya. Sheldon alikuwa ameshaudanganya ulimwengu mzima kwa niaba yake, kilichobaki kilikuwa mimi kunyamaza tu. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na aibu, na sikutaka kumficha kitu tena.

"Hakusema," nikamwambia. "Neno la kumwachia Biskuti ni haya. Nilimfundisha hivyo mwenyewe. Sikuwahi kukwambia."

Nilimwona kwa pembe ya jicho akivua miwani.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Hukujua."

"Na yule mama wa farasi alisema kama ni mgeni atapewa nafasi. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mzee alijua ni mimi?"

"Alijua."

"Sasa wewe kwa nini hukusema?"

Tulikuwa tumefika kwenye taa, nyekundu. Nikashika usukani kwa mikono miwili. "Nilikuwa nakuja kusema, Hamdiya. Nilikuwa nakuja kukufokea. Mbele ya wote. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mzee aliniona, akaniwahi."

Nilingoja aseme kitu kikali. Nilistahili. Badala yake alifungua mkoba, akatoa simu, akaifungua na kuiweka kwenye goti langu.

Ulikuwa ujumbe kwa Amna. Aliutuma saa nne na dakika hamsini asubuhi, wakati mimi napanda kutoka bondeni na kamba mkononi: *Dada nakuja Stafford leo na Aiman. Sirudi. Nitafutie kazi huko.* Chini yake Amna alikuwa amejibu mara tano. Nini? Kafanya nini tena? Nipigie. Basi la saa ngapi? Chumba kipo.

"Hata mimi nilikuona ukipanda," akasema.

Taa ikawa kijani. Aliyekuwa nyuma yetu akapiga honi, nikashindwa kuondoa mguu kwenye breki.

"Umemjibu nini?" nikamwuliza.

Akaichukua simu kutoka gotini mwangu. "Sijamjibu bado," akasema. "Endesha gari, Munir, watu wanangoja."